Kuhusu Ndege ya Elkana na Ua wa Nyumba Yangu

Faki bin Mwinyihaji,
Timbwani, Likoni,
Mombasa.
Jumanne, 14 Novemba 1989

Kwa Bwana Mkubwa mwenye dhamana ya anga,
Mombasa.

Bwana mheshimiwa,

Natanguliza salamu, maana mtu haingiliwi na malalamiko kabla ya kuulizwa hali. Natumai u mzima, watu wa nyumbani wazima, na ndege zako zote zinatua kwa magurudumu. Sisi huku Timbwani hatujambo, ila kwa hili ninalokuandikia.

Nilikuwa karani bandarini miaka thelathini na mmoja, nikihesabu magunia ya kahawa, na sijapata kukosea gunia hata moja, isipokuwa lile la mwaka wa sitini na nane, ambalo mpaka leo nashikilia kwamba halikuwako. Nakwambia haya ujue kwamba ninachokiandika nimekihesabu. Nyumbani niko na mke wangu, Mwanakheri, na mama yangu mzazi, Bi Mwanatatu, ambaye umri wake haujulikani na mwenyewe hapendi ujulikane.

Jambo hili nililipeleka kwanza kwa Chifu. Alinisikiliza vizuri, akatazama dari, akaniambia kwamba mamlaka yake yanaishia kwenye vilele vya minazi, na kilicho juu ya hapo kina wenyewe. Nikamuuliza wenyewe ni nani. Akasema hawajui, lakini haikosi wana ofisi. Ndiyo nimekuja kwako.

Anayenisumbua ni jirani yangu Elkana, fundi wa redio, mtu wa bara, mpole, asiye na neno na mtu. Ningependa awe mgomvi, barua hii ingekuwa rahisi kuiandika. Mkewe, Selpher, hufanya usafi katika hoteli moja upande wa Bamburi. Mwaka jana mgeni mmoja Mjerumani alikuja na ndege yake ndogo ya kuchezea, ile ambayo mwenyewe husimama chini akaiongoza kwa redio. Ikamwangukia kwenye machimbo ya zamani, ikavunjikavunjika, naye kwa hasira akamwachia Selpher injini na kisanduku cha kuongozea, chenye vijiti viwili na antena ndefu. Selpher akampelekea mumewe, akidhani atapata humo vipuri vya redio. Elkana akaunda ndege.

Aliiunda kwa mti wa msufi, kwa kuwa ni mwepesi. Mbavu za mabawa alizichonga moja moja, juu akaziwamba karatasi nyepesi ya tiara za watoto, akaipaka vanishi mpaka ikakazika kama ngozi ya ngoma. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili ni futi tano na inchi mbili. Mwenyewe alisema futi tano, nikapima. Injini ni kiasi cha kitunguu, nayo hunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, yale yale tunayowanywesha watoto tumbo likifunga. Ndiyo maana siku hizi mafuta hayo hayapatikani madukani, na watoto wa Timbwani wanapata raha wasiyostahiki. Hili silihesabu katika malalamiko. Nalitaja tu.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Kuingia bila hodi. Elkana huirusha ndege katika kiwanja cha mpira baada ya sala ya Alasiri. Kiwanja ni kidogo, kwa hiyo ndege ikitaka kugeuka hupita juu ya ua wangu. Bwana, kwetu muuza maji hupiga hodi. Shemeji hupiga hodi. Mimi mwenyewe nikirudi nyumbani kwangu hukohoa mlangoni, wanawake wapate kujifunika. Siku hiyo ya kwanza Mwanakheri alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi, kichwa wazi. Ndege ikapita juu yake kimo cha mnazi mchanga, ikageuka, ikapita tena kana kwamba haikuona vizuri. Alikimbilia jikoni na kifuu mkononi. Nilikwenda kwa Elkana saa ile ile. Aliniomba radhi sana, akanieleza kwamba ndege haina macho wala mdomo. Nikamjibu kwamba hata bubu hugonga mlango.

2. Kupiga hodi. Elkana alilifikiria neno langu siku mbili. Siku ya tatu, ndege ilipofika juu ya mti wa mkilifi ulio nje ya ua, alivuta kijiti, injini ikanguruma mara tatu, ikipumzika kidogo kila baada ya mngurumo, ndipo ikaingia. Mwanakheri alikuwa amejifunika kabla ya mngurumo wa tatu. Nikadhani jambo limekwisha. Nilisahau kwamba hodi ina jawabu.

Hapa inanibidi nikueleze habari ya mama. Alikuwa ndani tangu kabla ya Ramadhani. Dada yake, Bi Dhahabu, alipofariki, mama aliugeuzia ukuta uso, akaacha kuzungumza, na chakula akawa anakigusa kwa ncha za vidole. Daktari alinivuta kando akaniambia nisimsumbue zaidi kwa dawa. Nilimwelewa. Sanda nilikwisha kuinunua, nikaiweka juu ya kabati mahali ambapo Mwanakheri hafiki. Basi siku ile ndege ilipopiga hodi, mara ya tatu, sauti ilitoka chumbani ikasema karibu. Nami nilikuwa sijaisikia sauti hiyo miezi mitano.

Desturi, kama ujuavyo, ni kwamba aliyekaribishwa harudishwi. Tangu siku hiyo ndege ina ruhusa ya kuingia kwangu, na ruhusa hiyo imetolewa na mkubwa kuliko mimi.

3. Utulivu wa nyumba. Mama alikuwa hasumbui mtu. Sasa kila siku, adhana ya Alasiri ikimalizika, anataka atolewe uani, avalishwe kanga iliyopigwa pasi, apakwe wanja, kwani mgeni yuaja. Anakula. Ameomba samaki wa kupaka, akamrudisha Mwanakheri jikoni kwa kuwa tui lilikuwa jepesi. Amekumbuka makosa niliyoyafanya mwaka wa arobaini na saba, na ameyataja kwa mpango. Nilimweleza kwa adabu kwamba mgeni huyo ni mti na karatasi. Akanijibu, "Alopija hodi ni mgeni. Ya mbawa hayanihusu."

4. Chakula. Mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Mama akaamuru apewe chakula, na kwa kuwa hatui, apelekewe huko atokako. Basi mimi, mtu wa miaka sitini na miwili, kila alasiri nakatiza Timbwani nzima na sahani ya mahamri na mbaazi iliyofunikwa kawa, mpaka kiwanjani, nikampe Elkana. Elkana anakula. Kisha ananiomba nimshikie ndege mkia wakati yeye anawasha injini, kwa kuwa hana mikono mitatu. Mafuta ya mbarika hayatoki kwenye kanzu, bwana. Nina kanzu nne, zote zina doa mahali pamoja. Aidha ndege ilikuwa ikiegemea kushoto, jambo ambalo yeyote aliyewahi kusimamia shehena angeliona. Nilimwambia Elkana, kwa kumkemea, afunge chubwi ya mshipi wa kuvulia, ile risasi ya kuzamishia, chini ya bawa la kulia. Akafunga. Sasa haiegemei tena. Nayasema haya mwenyewe usije ukayasikia kwa watu ukadhani nashiriki.

5. Ndege kulala nyumbani kwangu. Jumatano moja mwezi uliopita mafuta yaliiishia ikiwa juu ya ua. Ilishuka kimya kimya, ikagota kwenye mtungi, ncha ya bawa ikavunjika, ikaja kusimama penye mkeka, hatua moja tu kutoka miguuni mwa mama. Mama akasema apewe maji. Mwanakheri akaleta maji. Elkana alikuja mbio kuichukua, naye akapiga hodi, akakaribishwa, akakalishwa, lakini ndege hakupewa. Mgeni hafukuzwi siku aliyoingia. Ikalazwa chumba cha wageni, kitandani, na ndugu yangu aliyekuja siku hiyo kutoka Utange nikamlaza chini.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huo ndio msemo, na mama haachi msemo nusu. Siku ya tatu akataka mgeni apewe kazi. Kaburi la Bi Dhahabu liko ng'ambo ya kiwanja, na mama, kwa miguu yake ile, hajapata kufika. Akaketi akatunga asumini kwa mkono wake mwenyewe, akasema mgeni ampelekee dada yake. Elkana alisema jambo hilo linawezekana. Nilimwambia haliwezekani, nikashinda kutwa nzima kwake tukiunga ncha ya bawa na kubuni namna ya kufunga uzi chini ya tumbo la ndege, uwe wa kufunguka kijiti kikivutwa. Siku ya pili yake nilisimama makaburini, na umri wangu huu, nikipunga kofia ili Elkana ajue pa kuvuta. Nusu ya asumini ilinimwagikia mimi. Nusu iliangukia pale pale ilipotakiwa. Nilirudi pamoja na Elkana, nikamwambia mama kwamba amana imefika. Alilia, bwana, na hakuwa amelia hata siku ya msiba. Nami nikalia. Sikupenda kulia mbele ya Elkana, na hili naliweka katika malalamiko.

6. Ndege zako. Sasa nimefika kwako wewe mwenyewe, na uniwie radhi. Mama amekwisha kuzoea adabu. Zile ndege kubwa zinazoleta watalii, zinazopita juu yetu zikienda kutua upande wa Changamwe, hazipigi hodi. Anataka kujua ni watoto wa nani. Ndege ya msufi, iliyoundwa na fundi wa redio, inabisha. Ndege za chuma, zenye marubani wawili waliosomeshwa, zinapita bila salamu kama hazikuona nyumba ya watu. Swali lake hilo nakuletea wewe, mwenye ndege.

Kwa hayo yote naomba mojawapo ya haya. Elkana akatazwe kurusha ndege yake, leo na siku zote. Au, ikiwa huna sheria ya kumkataza, basi hodi iwe ni sheria kwa wote, na kila ndege iingiayo Mombasa ingurume mara tatu ifikapo Timbwani, isubiri kukaribishwa. Mama hujibu upesi, kwa hiyo abiria hawatachelewa sana. Au, ikiwa hilo nalo ni zito, anga lifungwe kabisa kuanzia kwenye mkilifi wangu hadi kwenye mnara wa msikiti, nami niko tayari kulilinda bila ujira. Natumai utachagua lile la kwanza, kwa kuwa ndilo lisilo na kazi nyingi.

Wasalimie wakubwa wenzako, makarani wako, marubani, na hasa wale wanaosimama uwanjani wakipunga vibao, kwani kazi yao naifahamu. Mwanakheri anakusalimu. Selpher na Elkana wangekusalimu pia kama wangejua ninakuandikia.

Ni mimi, mwenye ua,
Faki bin Mwinyihaji,
karani mstaafu.

Nyongeza. Ijumaa, 17 Novemba.

Barua hii sikuitia posta. Siku ya pili yake, kabla sijapata bahasha, Chifu alikutana na Elkana njiani akamwambia kwamba Mzee Faki anamshtaki kwa serikali ya juu. Elkana ni mtu anayeogopa karatasi. Siku ile ile aliyafungua mabawa akayatundika kwenye boriti, akasema hatarusha tena mpaka aione ruhusa iliyoandikwa. Hakunitolea neno baya hata moja. Alikuja kuturudishia sahani zetu, zimeoshwa.

Juzi mama alikaa uani mpaka Magharibi. Jana pia. Leo asubuhi hakutaka kutolewa, na chai aliigusa kwa ncha za vidole. Amegeukia ukutani. Mara moja tu alinigeuzia uso, akaniuliza, "Faki, mgeni tumemkosea nini?"

Nimekwenda kwa Elkana nikamwambia mimi ndiye mlalamikaji na nimeacha kulalamika. Anasema mimi si serikali, na hapo yuko sawa. Kwa hiyo nimevuka kwa feri na barua mwenyewe, na mstari huu nauandika nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi yako. Karani wako anasema lazima nikupe kurasa zote kama nilivyoziandikisha mlangoni. Zichukue, lakini usizisome. Niandikie mstari mmoja tu kwamba Elkana ana ruhusa, uupige muhuri, nipate kufika nyumbani kabla ya Alasiri.