Ajisai ya Bluu kwa Mlango wa Bi Shizue

Jumamosi, 1 Juni

Mwaka huu Bi Shizue atachuma ua kwangu. Nimeamua leo asubuhi nikipiga mswaki.

Naandika sheria hapa kwa sababu dada yangu Fumi anadai sijawahi kuzielewa. Siku za Juni zenye sita, yaani tarehe sita, kumi na sita na ishirini na sita, wenye maduka wa mtaani kwetu huning'iniza mlangoni ua la ajisai, lile la petali nyingi zilizokusanyika kama mpira, kichwa chini. Linakaa hapo mwaka mzima na kuleta heri. Lazima litoke kwenye bustani ya mtu mwingine. Haliombwi, halinunuliwi. Linachumwa kimyakimya, mwenyewe asione, na hata akijua hasemi neno. Nimezielewa vizuri sana.

Miaka mitatu mfululizo kwenye mlango wa Bi Shizue linaning'inia ua la Mzee Onodera. La bluu. Kila siku naingia dukani kwake kununua manju, vile vikeki vya maharage matamu ambavyo daktari amenikataza, na kila siku lile ua linanigusa utosini. Ua la kinyozi mstaafu! Nyumba yake iko juu ya yangu mteremkoni, na ana mbwa mnene.

Ajisai yangu ya getini ni ya waridi. Hapo ndipo penye tatizo. Mjane mtaratibu kama yule, mwenye sauti ile, hawezi kutaka waridi.

Jumatatu, 3 Juni

Nimekwenda kwa muuza mbegu. Nikajifanya naulizia kwa niaba ya rafiki. Kumbe ajisai si kigeugeu kama watu wanavyoisema, inafuata udongo tu. Udongo ukiwa mchachu, inatoa bluu. Ukiwa na chokaa, inatoa waridi. Yangu imepandwa kando ya ukuta wa zege, na kila mvua ikinyesha ukuta unaitemea chokaa. Miaka yote hiyo nimemlaumu Onodera, kumbe adui ni ukuta.

Dawa yake ni shabu. Na shabu ipo jikoni! Fumi huitia kwenye achari ya biringanya ili zisipoteze rangi. Nimechota kidogo, nikakoroga kwenye maji, nikamwagia. Kisha nikachota kidogo tena.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kwanza yenye sita. Kulipopambazuka nilikuwa nimeshakaa dirishani na kikombe changu cha chai.

Alikuja. Mwavuli wa kijivu, aproni ya dukani. Akasimama getini kwangu, akaliangalia ua, kisha akaangalia dirishani. Nikainua kikombe kumsalimu. Akainama, akasema inaelekea mvua haiko mbali, akapita.

Sababu ni rangi. Bado haijawa bluu.

Fumi aliniuliza nilikuwa nafanya nini dirishani. Nikamwambia, mtu akija kuchukua kitu kwako, angalau uwepo. Akaenda kukata matango.

Hanielewi. Tangu mke wangu Yasuko afariki, miaka sita iliyopita, hakuna mtu aliyechukua chochote katika nyumba hii. Watu wanaleta tu. Wanaleta supu, wanaleta pole, wanaleta taulo za msiba. Nataka mtu mmoja aje achukue kitu kwangu kwa sababu amekipenda, na nataka kuuona mkono wake ukikichukua. Ni hilo tu.

Jumapili, 9 Juni

Nimeongeza shabu maradufu. Kando za majani zimeungua kama mkate uliosahauliwa. Vichwa vitatu vya maua vimelala. Vimebaki viwili, vina rangi isiyo na jina.

Mwenye akili ana mpango wa akiba. Nimekwenda bustani ya miche, nikachagua ajisai nyingine ya chungu yenye matumba mabichi ya kijani. Muuzaji alikuwa ndani anakula, sikumhitaji. Nilichagua kwa jicho langu. Bluu tupu, inaonekana hata kabla haijachanua. Nimeipanda getini na kuimwagia shabu yake ya kuikaribisha.

Alhamisi, 13 Juni

Redio imetangaza kwamba mvua za Juni zimeanza rasmi. Na ajisai mpya imechanua. Nyeupe!

Nimeiangalia kwa miwani, nimeiangalia bila miwani. Nikamwita Fumi, nikamwambia ule weupe una ubluu kwa mbali. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema hii ni ile ya Kimarekani, hata ukiilisha wino itabaki nyeupe, na ikizeeka inakuwa ya kijani. Akaniambia nishike jani. Jembamba, halina mng'ao, laini kama karatasi ya choo. Ajisai ya kubadilika rangi ina jani nene, linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta. "Hata mbwa wa Onodera angekwambia, kaka," akasema.

Kisha akauliza nani amekula shabu yake, maana biringanya zimekuwa za kahawia. Nikamwambia labda ni unyevu.

Jumapili, 16 Juni

Siku ya pili yenye sita. Nimekuwa mjanja zaidi. Sikukaa dirishani. Nilisimama nyuma ya pazia.

Alikuja mapema, mvua nyepesi. Akaangalia dirishani, hapana mtu. Akaushusha mwavuli begani. Mkono wake ukatoka kwenye mkono wa nguo, taratibu, ukielekea kwenye ua langu la waridi, au la rangi ile. Nikasogeza pazia kidogo tu ili nione vizuri.

Pete za pazia zikalia. Mkono wake ukapanda kichwani, akajifanya anarekebisha nywele. Akainama. Akasema mvua imekuja kweli. Akaenda zake.

Ajabu ni kwamba hakuchuma kwa Onodera pia. Alipita pale bila hata kugeuza shingo. Nimewaza siku nzima. Jibu ni moja: amechanganyikiwa. Bluu ya Onodera inamvuta upande ule, mimi namvuta upande huu, naye anashindwa kuchagua. Lazima bluu ya Onodera ipunguzwe.

Jumatano, 19 Juni

Onodera alipotoka na mbwa, niliruka uzio na mfuko wa chokaa. Tuseme niliupanda. Nikamwaga chokaa yote kwenye mizizi ya ajisai zake. Upepo ukarudisha nusu usoni kwangu. Nikarudi nyumbani mweupe kuliko ile ya Kimarekani. Fumi alinitazama juu hadi chini. Alinipa kitambaa tu.

Sijisikii vizuri, lakini kila jambo kubwa linaanza hivyo.

Ijumaa, 21 Juni

Onodera amekuja. Nilidhani nimekwisha. Alikuwa na bakuli la matunda ya biwa, yameiva vizuri, ameyafunika kwa kitambaa.

Amekuja kunishukuru! Anasema konokono walikuwa wanamlia majani, na leo ameona mtu mwema amewamwagia chokaa chini kote. Alijua ni mimi kwa sababu nilisahau kandambili moja. Ameileta pia, ameiosha.

Sikujua pa kuweka macho. Nikamwandalia chai. Ili nisiseme la chokaa nikauliza la pili, kwamba mwaka huu Bi Shizue mbona hachumi kwake. Onodera akakuna shingo. Akasema yeye kila siku yenye sita hutoka makusudi na mbwa kumwachia nafasi, kama watu wote wanavyofanya. Lakini mama yule huwa anaanzia kwangu. Kila mwaka. Alishamwambia kwamba ajisai ya waridi ya getini kwangu inamkumbusha ukuta wa nyumbani kwao, alikozaliwa. "Sasa atachuma vipi, jirani? Kila akifika upo dirishani kama paka wa dukani. Kwangu anakuja kwa kukata tamaa tu. Mwaka huu ameapa kusubiri mpaka siku ya mwisho."

Fumi alikuwa jikoni. Nilisikia kisu kimeacha kukata.

Ya waridi. Miaka mitatu alikuwa anataka ya waridi, nami miaka yote mitatu nilikuwa nimekaa pale na chai.

Jumanne, 25 Juni

Kesho ndiyo siku ya mwisho yenye sita.

Limebaki ua moja; la pili nalo limelala. Si bluu, si waridi, lina rangi ya goti la mtoto aliyeanguka. Nimeimwagia ajisai maganda ya mayai yaliyosagwa ili irudie hali yake. Fumi anasema rangi haibadilishwi kwa siku moja, kwamba ua hili limeshakula lilichokula. Nikamuuliza kama bado linapendeza. Akaliangalia vizuri, kwa kweli akaliangalia, akasema linapendeza kwa mtu anayelitaka.

Kesho naondoka. Onodera na mimi na mbwa tunakwenda kwenye bafu la umma, tutakaa kwenye maji ya moto hadi vidole vikunjamane. Nimeapa mbele ya picha ya Yasuko. Na mbele ya Fumi pia.

Jumatano, 26 Juni

Tulitoka alfajiri. Taulo shingoni. Nilifika hadi kona ya duka la tofu, na pale nikamwambia Onodera nimesahau taulo.

"Uliyovaa shingoni ni nini, bwana Heikichi?" akauliza.

Nilirudi kwa njia ya nyuma na kuchuchumaa kati ya mitungi ya gesi na ukuta. Pale haonekani mtu. Nilitaka kuona mara moja tu.

Alikuja. Safari hii alikuwa na mkasi mdogo chini ya aproni. Dirisha lilikuwa limefungwa, pazia limetulia, nyumba kimya. Nikamwona akivuta pumzi. Akalishika ua langu kwa mikono miwili, alivyolishika sitakuja kusahau. Akapangusa maji kwenye petali kwa kidole gumba. Akaona majani yaliyoungua, akaona ile rangi. Akainamisha uso, akaliuliza lile ua kwa sauti ndogo, ya huruma kabisa:

"Jamani, umepatwa na nini wewe?"

Hakuna mtu aliyeniuliza hivyo kwa miaka sita. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Ni shabu," nikajibu.

Aliruka. Mkasi ukaangukia kwenye dimbwi. Nikasimama na taulo yangu nyuma ya mitungi ya gesi, konokono mmoja begani. Tukatazamana. Mvua ikawa inanyesha. Aliinama, nami nikainama. Akasema naona mvua haina dalili ya kukatika. Nikasema kweli, haina.

Adhuhuri mlangoni kwake palikuwa pananing'inia ua la bluu.

Alhamisi, 27 Juni

Nimekwenda kununua manju. Ua la Onodera likanigusa utosini. Nimemrudishia Bi Shizue mkasi wake, nimeukausha na kuupaka mafuta usipate kutu.

Alifunga manju mbili, kisha akaongeza ya tatu bila kusema. Alipokuwa anafunga kamba alisema, akiiangalia ile kamba tu, kwamba ni huzuni jinsi mwaka ulivyo mrefu. Na kwamba wapo watu ambao wakienda kuoga wangekaa huko zaidi kidogo, mambo yangekuwa mazuri.

Nimerudi nyumbani nimekula zote tatu nimesimama. Sipendi manju.

Fumi anasema sasa hata jiwe lingekuwa limeelewa. Nimemwambia nimeelewa kabisa. Tatizo lilikuwa mitungi ya gesi. Ni karibu mno. Mwakani sitakuwa nyumbani hata kidogo, wala dirishani, wala nyuma ya pazia. Nitakuwa ghorofani kwa Onodera, ambako dirisha linaangalia geti langu moja kwa moja, na nimeshamwomba aniazime darubini. Kutoka mbali namna ile si kuchungulia, ni kutazama mandhari. Nami nitanyamaza kimya, isipokuwa akiuliza kitu.