Mheshimiwa wa Magitaa

Jumanne moja ya mwaka 1974, Profesa aliingia mkahawani kwa Bi Shemsa, mtaa wa Winson Green mjini Birmingham, Uingereza, amebeba chipsi zilizofungwa kwenye gazeti kuukuu. Profesa ni Cleopas, yuko mwaka wa nane akisomea sheria. Chipsi alizisahau, akasoma karatasi.

"Sikieni. Mbunge wa jimbo moja huko Australia, yule mbunifu wa magitaa, amebwagwa kwenye uchaguzi."

Idarous, tuliyembandika jina la Nyuzi, aliweka kikombe chini. Gitaa lake liliundwa na mbunge huyohuyo, na ufunguo mmoja wa kukazia waya umevunjika. Birmingham nzima hakuna unaoingia. Jumamosi anapiga harusini kwa jirani yetu Mwanakhamis, na akishindwa watu watacheza santuri, yeye asiitwe tena.

"Mie nimemwandikia tangu miezi mitatu iliyopita," Nyuzi alisema. "Sasa ndiyo basi."

"Ulimwandikia kiwandani?" Profesa aliuliza.

"Bungeni. Mheshimiwa huandikiwa bungeni. Kurasa nne, tatu za salamu. Chini nikatia: mimi mpiga kura wako mtiifu."

Profesa alijishika kichwa. "Bana, wewe ni voter wa Australia tangu lini?"

"Mbunge hasomi barua ya asiyempigia kura. Hamlijui hilo, nyie Wakenya?"

"Hata ya aliyempigia hasomi. Na mwanasiasa gani huanza kitu akakimaliza? Hilo gitaa lako lina waya tatu, zingine ziko kwa budget ya mwaka ujao."

Nilicheka mpaka kahawa ikanitoka puani. Nyuzi hakucheka, nami nikaona haya.

Bi Shemsa alitoka jikoni akifuta mikono. "Idarous, kelele zenu zimenisahaulisha. Barua yako imekuja kwangu asubuhi, ya ndege."

Bahasha ilipofunguliwa, ufunguo wa chuma ulidondoka mezani. Profesa akatutafsiria barua:

"'Bwana Idarous, nimeitafuta Winson Green jimboni kwangu kote, nimeikosa. Barua yako ilikaa bungeni pamoja na nyingine mia nne. Majuzi nimeshindwa uchaguzi, nikarudi karakanani. Ufunguo wako nimeuchonga siku ileile.'"

Nyuzi aliushika kwa mikono miwili. Machozi yalimlengalenga, hakujificha.

Profesa alikunja gazeti taratibu. "Laiti na wabunge wetu wangeshindwa wote," alisema. "Kwetu lami tunaingoja tangu uhuru."