Kuhusu Pwani Yetu Uliyoiita Tulivu

Pate,
mwezi wa Rajabu, 1956

Kwa Bwana Abdulghafur bin Bwanamkuu,
Wakala wa Meli,
Langoni, Amu.

Bwana mkwe mheshimiwa,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya kukuombea afya wewe na wote walio nyumbani kwako, nakujulisha kwamba sisi huku Pate hatujambo, isipokuwa kwa jambo moja, nalo umelileta wewe.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimwomba mume wangu, Bwana Amini, aandike yeye. Akasema wewe ni baba wa Ridhwani, na Ridhwani ndiye atakayemwoa binti yetu Umi mwezi ujao, kwa hiyo haifai kugombana na wakwe kabla ya harusi. Nikamwambia sigombani, nalalamika. Akachukua kofia yake akaenda msikitini, na wakati wa sala ulikuwa bado kabisa.

Habari unaijua kwa upande wa Amu, niache nikueleze kwa upande wa huku. Wasafiri wa ile meli kubwa iliyotia nanga Ghuba ya Manda walikutaka uwachagulie kisiwa chenye pwani tulivu, wapumzike mchana mmoja mbali na kelele za bandari. Ukamtuma karani wako Wazir azunguke visiwani atafute. Alifika kwetu maji yamejaa, akasimama ukingoni, akatazama huku na huku, akasema, "Bahari hii imetulia kama maji ya birika." Nilikuwapo, nilimsikia. Alikuwa na mafua, na kitambaa hakikumtoka puani tangu aliposhuka mashuani mpaka alipopanda tena. Akarudi akakuambia amepata, nawe ukaridhika.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Pwani ile ni pwani ya makumbi. Hapo ndipo wanawake wa Pate tunapofukia makumbi ya nazi topeni, yakae miezi mpaka yaoze, kisha tuyapige na kusokota kamba. Makumbi yakioza yana harufu yake. Ndiyo sababu hapana mtu pale, na kwa kuwa hapana mtu pana utulivu. Mwenye pua nzima asingehitaji kuelezwa. Sikulaumu kwa mafua ya Wazir, maana maradhi hutoka kwa Mungu, ila nauliza kama Amu nzima hapakuwa na karani mwingine.

2. Wageni walishuka maji yamejaa, wakafurahi, wakaingia kuoga. Kisha maji yakapwa, kama yapwavyo kila siku tangu mabibi zetu hawajazaliwa, na yalipokupwa hapakubaki bahari. Pakabaki tope mpaka kule kwenye mikoko. Mashua zililala ubavu. Mzungu mmoja mnene aliyekuwa akielea chali, amefumba macho, alifumbua akajikuta amelala chini. Wakamwuliza Wazir bahari imekwenda wapi. Akawaambia itarudi. Wakamwuliza itarudi lini, na hapo Wazir, ambaye ni mtu wa mjini, akamgeukia mvuvi mmoja naye akamwuliza vilevile. Kwa hiyo, bwana mkwe, sisemi uliwadanganya. Uliwaahidi bahari tulivu, na ilitulia hata haikuwapo.

3. Walipoona wamekwama, wakajitafutia shughuli. Kila shimo la makumbi lina kijiti chake, na kila mwanamke anakijua chake. Waling'oa vijiti vyote wakavisimamishia shuka za kivuli. Kisha watoto wao wakaanza kuchimba, na wakubwa walipoona kuna vitu chini, nao wakachimba. Nadhani walifikiri ni hazina ya masultani. Kila walipoibua kumbi jeusi linalotona maji walilishika juu kwa mikono miwili wakalipiga picha. Bi Mwanamkisi, ambaye ndiye mkubwa wetu na macho yake yamepungua nuru, aliniuliza wanachimba nini. Nikamwambia makumbi. Akasema, "Nti yao haina nazi?"

Nikamwambia nchi yao siijui. Na sasa makumbi yote yamechanganyika. Jirani yangu Saadiya anasema lile fungu lililo karibu na mkoko ni lake, nami nasema ni langu, na hatujasemezana tangu siku ile. Saadiya na mimi tumenyonya ziwa moja.

4. Habari zilipoingia mjini kwamba wageni wamekuja kutafuta utulivu, wanaume wote walishuka kwenda kuuona. Walivaa kanzu za Idi. Kila mmoja alimkemea mwenziwe anyamaze, wageni wanataka kimya, na yule aliyekemewa akajibu kwamba anayepiga kelele ni aliyemkemea, mpaka nadhani walisikika hadi mji wa Siyu. Bwana Amini alikuja na kiti kutoka nyumbani. Akakiweka mbele ya wageni, akakaa, akawatazama kwa heshima mpaka alasiri. Nilipomwuliza alikuwa akifanya nini, alisema alikuwa akikaa nao, wasione upweke.

Hili nakuomba ulitie moyoni, maana hapa sifanyi mzaha. Pwani ile ndipo mahali petu. Ndani ya nyumba kuna wanaume, njiani kuna wanaume, barazani ndiko kwao. Pale, kwa sababu ya harufu, hawaji. Pale tunakaa tumekunja nguo, tunapiga makumbi, tunasema tunayotaka, na mwenye kilio chake analia bila kuulizwa. Siku ile tulisimama nyuma ya minazi tumejifunika buibui, tukapatazama mahali petu kama kwamba wageni ni sisi.

5. La mwisho ndilo zito. Fungu lile la karibu na mkoko (ambalo ni langu) lilikuwa la kamba za kitanda cha Umi. Niliyafukia mwenyewe, kumbi moja moja, nikichagua manene. Yalikuwa hayajaoza sawasawa. Yametolewa, yakaachwa juani, yamekauka, na sasa ukiyapiga ni kama unapiga jiwe. Seremala ameshaleta kitanda: miguu minne imechongwa vizuri, mbao nne zimepakwa mafuta zinang'aa, na katikati hewa tupu. Nilimwita Umi nikamwambia hali ilivyo. Hakulia. Aliingia katikati ya zile mbao akakaa sakafuni, akapima kwa mikono, akasema, "Si kibaya, mama. Ni kama sanduku."

Bwana mkwe, mwanao ndiye atakayelala sandukuni humo, na kwa urefu niliosikia anao, miguu itabaki nje.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, na usipoweza la kwanza nenda la pili.

Kwanza, wageni warudishwe, wafukie makumbi walikoyatoa, kila kumbi shimoni mwake. Saadiya na mimi tutasimama kuwaonyesha, tukiwa tumeshapatana.

Pili, ikiwa wamekwisha fika mbali, meli itutolee kitanda kimoja. Wazir ametuambia vitanda vya melini vimefungwa ukutani kwa misumari ili mtu asianguke. Basi kije na ukuta wake, tutaangalia pa kuuweka.

Tatu, meli nyingine ikija, usitume mtu kuchagua pwani. Wapakie melini wanaume wote wa Pate, na ikibaki nafasi ongeza wa mitaa yenu ya Langoni na Wiyoni, uwazungushe baharini tangu asubuhi mpaka magharibi. Visiwa vyote vitatulia kwa mara moja. Wageni watelemke popote wapendapo, hata ukiwafunga macho hawatakosea.

Nne, ikiwa yote hayo ni mazito kwako, harusi ingoje makumbi mapya yaoze. Ridhwani umweleze wewe mwenyewe kwa nini, usimtume Wazir.

Naandika haya kwa adabu, na kama kuna neno limetoka kali ni kalamu, si mimi. Nisalimie mkeo Bi Khairiya, umwambie ile kanga nimeipokea na rangi yake nimeipenda. Nisalimie Ridhwani, habari ya sanduku usimtajie. Wasalimie majirani zako wote wa Langoni, wakubwa kwa wadogo. Wazir naye msalimie, Mwenyezi Mungu amponye mafua yake kabla hujampa kazi nyingine.

Ni mimi mkweo, mwenye heshima nyingi na subira kidogo,

Radhiya binti Madi

Nyongeza: Nilikuwa sijaifunga barua Saadiya alipoingia na mzigo kichwani. Akautua mlangoni, kamba za mwaka jana alizojiwekea mwenyewe, akasema, "Hizi ni zangu, na hili hata wewe huwezi kubisha." Nikabisha kidogo kwa ajili ya heshima. Tumekaa mchana kutwa tukisuka kitanda, na kimekaza vizuri. Harusi iko palepale.

Wakati tukisuka akapita Wazir na habari kwamba umesikia manung'uniko ya Pate, na meli ijayo wageni utawapeleka Faza. Bwana mkwe, nani alikuambia tumenung'unika? Faza kuna nini? Labda hukuambiwa kwamba siku ile, wanaume walipokwenda kuswali alasiri, bibi mmoja wa Kizungu, mzee, alitufuata nyuma ya minazi, akakaa chini, akaonyesha kwa mkono anataka rungu la kupigia makumbi. Tukampa. Alipiga mpaka nguo yake nyeupe ikawa kama zetu, akaanza kusema kwa lugha yake, sisi tukasema kwa yetu, na baadaye akalia kidogo, na hakuna aliyemwuliza. Bi Mwanamkisi alimshika mkono mpaka maji yalipojaa. Tangu siku hiyo anauliza yuko wapi yule mwanamke.

Usiwapeleke Faza. Walete hapa hapa, na uangalie wafike maji yakiwa yanaanza kupwa, ili wasiwahi kuondoka.