Sabuni Yangu Inayopenya

Jumatatu, 14 Julai 2025
Mwanaisha, jirani yangu hapa Manundu, kamaliza sabuni yake ya maji kabla ya adhuhuri. Wateja wanasema inatakatisha na mikono inabaki laini. Laini! Yangu inatakatisha zaidi, hakuna anayesema. Nikachungulia uani kwake. Kumbe anachanganya malighafi mbili za povu. Mimi nitachanganya nne. Zote kali.

Jumanne, 15 Julai
Povu limefurika hadi barabarani. Dalili njema. Nimempa mke wangu, Mwaija, heshima ya kufungua dumu la kwanza. Mashuka meupe pe! Jioni akasema viganja vinamwasha. Nikamwambia ni uchafu unatoka.

Alhamisi, 17 Julai
Viganja vimebabuka. Mwaija kaenda kwa mama yake Vugiri, bila kuaga. Ugali nimesonga mwenyewe. Madonge matupu.

Nikaenda kwa mwalimu Asnath, anayefundisha kemia, athibitishe kwamba kosa ni la ngozi ya Mwaija. Akatumbukiza kipande cha bitiruti kwenye sabuni ya Mwanaisha, kingine kwenye yangu. Ya Mwanaisha ikapata wekundu kidogo. Yangu ikawa kama damu. Akaeleza kwamba kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na sabuni hujipenyeza humo, rangi ya ndani ikavuja. Malighafi za povu zikichanganywa, nyingine hupunguzana ukali, nyingine husaidiana kutoboa. Zangu zinasaidiana.

“Umemtoboa mkeo, Sharifu,” akasema.

Sikupenda lugha hiyo.

Jumamosi, 19 Julai
Nimepanda Vugiri na mafuta ya kupaka. Mama mkwe kaitikia shikamoo yangu akiangalia pembeni. Mwaija kafungwa vitambaa mikono yote miwili, analishwa kama mtoto. Roho iliniuma. Nikaomba radhi. Akauliza kama sabuni nimeimwaga. Nikasema ndiyo. Akauliza, yote? Nikasema naona mvua inakuja, ngoja niwahi gari.

Jumapili, 20 Julai
Nimetafakari sana. Kama rangi inaweza kutoka, basi dawa inaweza kuingia! Mzee Kisemei, anayeleta ng'ombe mnadani kutoka Handeni, kila siku analalamikia kiuno. Nimesaga pilipili kichaa, nikaikoroga kwenye sabuni. Lakini mimi si mtu wa kukurupuka. Nimejipaka kwanza mwenyewe, kiunoni mpaka chini.

Naandika nikiwa nimesimama. Mwanaisha kaja mbio kuuliza nani anachinjwa.

Inapenya! Ila polepole mno. Kesho naongeza pilipili.