Isobe Apewa Filamu ya Mapenzi

Kyoto nzima hakuna aliyekufa mara nyingi kama Isobe Genzaburo, halafu akabaki na pumzi za kujisifu!

Kwenye filamu za samurai alikatwa panga. Kwenye za majambazi alimiminiwa risasi. Kwenye za mazimwi alikanyagwa akawa chapati. Na kwenye za mizuka alifika kazini akiwa marehemu tayari!

"Mimi ni mwigizaji wa kila aina," aliwatambia wenzake wakila tambi. "Nipeni chochote!"

"Hata mapenzi?"

"Hasa mapenzi! Uso huu mnadhani ni wa kuuzia figili?"

Majigambo yakamfikia mwongozaji Kuwabara, ambaye mwigizaji wake mkuu alikuwa amevunjika mguu. Basi Isobe akapewa nafasi: mchumba wa Bi Sumire, nyota aliyewakosesha usingizi wanaume wa Japani nzima. Akajipaka mafuta ya nywele hadi nzi wakateleza.

"Haya, anzeni!"

Bi Sumire akasogea, macho yamelegea, akamgusa Isobe kifuani kwa kidole kimoja.

"Aaakh!" Isobe akapepesuka, akautoboa mlango wa karatasi, akaanguka chali bustanini. Mguu ukarukaruka, ukatulia.

"Bwana Isobe," akasema Bi Sumire, "nimekugusa tu."

"Samahani, bibie. Mwili umeshazoea."

Wakarudia. Safari hii Isobe aliikumbatia nguzo asianguke. Bi Sumire akamnong'oneza, "Nakupenda."

Isobe akafumba macho, akajibu kwa sauti ya kukata roho: "Nilipizieni... kisasi..."

Nguzo ikamponyoka, akaanguka chali: mlango wa pili huo!

"We Isobe!" Kuwabara akavua kofia akaikanyaga. "Unapendwa au unachinjwa?"

"Mzee wangu, nafasi moja tu! Nitaishi! Naapa nitaishi!"

Lakini milango ilikuwa imekwisha. Kuwabara akakuna kichwa weee, kisha akabadilisha hadithi: Bi Sumire sasa ni mjane. Isobe akapigwa picha moja tu, ikatiwa fremu, ikawekwa kwenye kimeza cha kumkumbukia marehemu pamoja na ubani. Filamu nzima Bi Sumire akawa anaililia.

Isobe hakuona haya. Alimpeleka mama yake kuitazama. Bi kizee alilia mpaka leso ikachuruzika, na walipotoka nje akamshika mwanawe mkono.

"Genza, mwanangu, leo ndiyo umeigiza! Umetulia, hukupiga kelele, sura imependeza. Waombe wasikupe tena maneno!"