Sumu ya Mende Yenye Nanasi

Jumamosi, tarehe 6
Nimeanza! Nanasi moja lililoiva, limemenywa, limekatwa, liko ndani ya mtungi wa kioo. Juu yake pombe kali ya dukani mpaka limezama. Jumapili ya tarehe 14 baba mkwe anakuja. Miaka tisa ananiita "wewe bwana". Akionja hii ataniita mwanangu. Nataka hilo tu.

Mama muuza vinywaji kaniusia: mtungi uoshwe kwa maji ya moto, tunda lisichungulie juu ya pombe, mfuniko ukazwe, ukae kwenye kabati lenye giza mbali na jiko, nichuje baada ya wiki. Na nibandike karatasi: ni nini, na tarehe. Nimetimiza yote. Karibu yote.

Jumapili, tarehe 7
Tatizo ni shemeji. Kaka wa mke wangu. Alikuja kwa siku mbili, huu ni mwezi wa tano. Chupa hailali na kitu ndani mbele yake. Lakini akili ni mali! Nimebandika karatasi: SUMU YA MENDE. Wino mwekundu.

Jumatano, tarehe 10
Shemeji ameisoma kwa sauti. Akauliza kama mende wetu ni wengi kiasi hicho. Nikamwambia ni balaa. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaenda zake. Kaingia mkenge! Mke kaniuliza nacheka nini. Nikasema sicheki.

Ijumaa, tarehe 12
Pombe imepungua vidole vinne. Vipande vya juu vinachungulia. Nadhani nanasi linakunywa. Nimeongeza. Shemeji anaimba bafuni tangu asubuhi. Angalau kuna mwenye raha humu ndani.

Jumamosi, tarehe 13
Nimechuja kwa kitambaa safi. Rangi ya asali! Ila imebaki nusu mtungi. Nanasi lile lilikuwa na kiu.

Jumapili, tarehe 14
Baba mkwe kafika. Nikaleta mtungi mezani, nikammiminia, nikampa glasi kwa mikono miwili. Hakuitazama glasi. Alitazama mtungi. Karatasi! Nimesahau kubandua karatasi!

Akasimama. Akasema, "Mwanangu." Moyo ukaniruka, nikaitika naam baba! Kumbe anamwambia mke wangu amletee viatu.

Shemeji akaingilia kati. Akamtoa baba yake hofu: yeye anainywa sumu hiyo tangu Jumatano, haina neno, ila nanasi lingeiva zaidi kidogo. Baba mkwe akatutazama wote wawili kwa zamu, akaondoka bila kufunga kamba za viatu. Mke hajanisemesha mpaka sasa. Naumia, sitaficha.

Jumanne, tarehe 16
Nimetafakari kwa utulivu. Mke kambembeleza baba yake, atarudi Jumapili ya wiki ijayo. Nanasi jipya liko kabatini. Mama muuza vinywaji kaniuliza kama safari hii nimejifunza kuandika karatasi vizuri. Nimejifunza! Kosa lilikuwa mende. Nani anaogopa mende? Nimeandika upya, herufi kubwa zaidi: SUMU YA PANYA.