Ukuta Wangu Hautoki Jasho

Jumapili, 6 Julai 2025

Imetangazwa! Jumamosi sala ya jumuiya inakuja kwangu, na baada ya sala, uchaguzi. Miaka tisa nimekuwa makamu mwenyekiti wa jumuiya hii. Tisa! Nimebeba mabenchi, nimegawa vitabu vya nyimbo, nimefukuza mbuzi wasiingie kwenye sala. Hakuna hata mtoto aliyewahi kuniita mwenyekiti. Inaniuma, sitaficha, daftari hili ni langu.

Mpinzani ni Cleophas, mwalimu mstaafu. Wiki hii tumesali kwake. Madirisha wazi, Julai, Sumbawanga! Meno yaligongana hadi Salamu Maria ikatoka vipande vipande. Mimi nitawapa joto. Mtu uliyempasha joto hakunyimi kura.

Kasoro ni moja tu. Ukuta wa sebuleni umelowa. Asubuhi maji yanatiririka, na nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, lakini fundi Urbano amekuja. Kaweka kiganja ukutani, kanusa, kasema ukuta unatoka jasho. Eti mvuke wa chakula na wa nguo tunazoanika ndani unakutana na ukuta wa baridi, unageuka maji. Dawa: fungua madirisha. Basi! Fundi gani huyu anayekimbia kazi? Nikamwambia jasho ni la joto. Nani Sumbawanga anatoka jasho kwa baridi? Akajibu, mwenye malaria. Nikamwonyesha mlango.

Jumanne, 8 Julai

Nimegundua mwenyewe. Baridi inaingilia kwenye matundu ya hewa juu ya madirisha. Nimeyaziba yote: magunia, magazeti, shuka la zamani, na suruali moja ambayo Mama Silvana, mke wangu, anadai bado ilikuwa nzima. Akauliza tunaziba panya au tunazika mtu. Mwenye maono hajibu kila swali.

Jioni makande yamechemka kwenye gesi hapo hapo sebuleni, saa tatu nzima. Joto kama Mtowisa kule bondeni! Ukuta umelowa maradufu, kweli, lakini nimeelewa: hiyo ni baridi ya zamani inatoka. Iacheni itoke.

Jumatano, 9 Julai

Baridi ya zamani bado inatoka. Imetokea kwenye suti yangu ya harusi, bega la kushoto, rangi ya kijani. Mama Silvana kaifuta kwa siki.

Nimenunua chokaa dukani kwa Sada. Nimeichanganya na bluu ya kufulia: rangi ya Bikira Maria. Nani atampigia kura Cleophas huku ameegemea rangi ya Bikira Maria? Mama Silvana kasema chokaa isiyotiwa chumvi haishiki, itahamia kwenye nguo za watu. Nikamwambia chumvi ni ya maharage.

Ijumaa, 11 Julai

Ukuta unapendeza, jamani! Nimeugusa. Kidole kimekuwa cha bluu. Utakauka tu.

Cleophas kapita. Kanisalimia kwa upole wake ule wa kampeni, kasema kesho atawahi anisaidie kufungua madirisha, wazee wapate hewa. Nikamwambia hewa ipo tele nje, ataikuta akitoka. Nimecheka peke yangu hadi mchana.

Jumamosi, 12 Julai

Walikuja thelathini na wanne. Nilikuwa nimefunga kila kitu. Sufuria kubwa ya chai ya tangawizi ikichemka pembeni. Mabenchi niliyapanga kando ya ukuta wa bluu ili watu waegemee. Bibi Lydia, mkubwa wetu kuliko wote, nikampa shikamoo, nikamkalisha katikati kabisa. Akasema tangu Mei hajaisikia miguu yake, leo ndiyo anaisikia. Nusura nilie. Tukaanza rozari, Matendo ya Furaha, na furaha mwenyewe ninayo!

Tendo la tatu, ukuta ukaanza. Tone. Tone. Kufika Litania ulikuwa unatiririka. Dari nayo ikamdondoshea Cleophas kwenye upara. Akajifuta, akaendelea kusali. Mnafiki!

Uchaguzi ukafanyika uani: kila mtu ajipange nyuma ya anayemtaka. Mimi nikatazama mbele kwa heshima, kama inavyompasa mgombea. Nilipogeuka, nyuma yangu alikuwa Bibi Lydia. Peke yake. Kule kwa Cleophas foleni ilizunguka hadi bafuni, migongo yote bluu: makoti, vitenge, mitandio myeupe ya akina mama. Na Mama Silvana yumo! Eti alifuata jua.

Nimebaki makamu. Walinipigia makofi, wachache wakiwa bado wanakung'uta nguo. Kazi ya kwanza ya mwenyekiti mpya ilikuwa kuingia sebuleni kwangu na kufungua madirisha yangu yote mawili. Kisha akachomoa ile suruali kwenye tundu, mbele ya jumuiya nzima, akaikunja vizuri, akanikabidhi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa Bibi Lydia kanishika mkono. Kaomba sala ijayo iwe kwangu tena, ila atakuja na koti la mvua. Huyo ndiye Mkristo.

Nimerudi nyumbani, ukuta umekauka! Mkavu kabisa, ndani ya siku moja. Mama Silvana kanitazama mimi, kayatazama madirisha yaliyo wazi, kanitazama tena. Akangoja. Nami nimeelewa, safari hii nimeelewa vizuri. Watu thelathini na wanne waliingia, ukuta ukalowa. Wakatoka, ukakauka. Kosa halikuwa la ukuta hata kidogo. Wenye maji ni watu. Nimemweleza taratibu ili na yeye aelewe. Kaenda jikoni, kakaa huko.

Nimefunga madirisha yote haraka, ule ukavu usije ukatoka.